Mwaka Tuliosimama Kabla ya Daraja

Mwezi uliopita tulikutana Kinanie kwa binamu yangu Kyalo, alipomaliza kujenga nyumba yake. Baada ya chakula watoto waliondoka mezani wakaenda kukaa na simu zao. Mwanawe mkubwa alikuwa anacheza gemu ambayo saa inakimbia juu ya skrini, na usipofanya haraka umeshindwa. Kyalo alimtazama, kisha akanigeukia mimi. "Hawa hawawezi ile yetu," akasema. "Wangeitupa kwa ukuta." Kijana akauliza ile yetu ni gani, na babake akamweleza: kidude cha kijivu kinachojaa kiganja, skrini haina taa wala rangi, watu wanne wanatembea nchi nzima, na wakikutana na adui kila mmoja anapiga kwa zamu yake. "Kwa zamu? Na huyo adui anangoja tu?" "Anangoja." "Aki hiyo inaboo." Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, ingawa nilikuwa na jibu. Jibu langu halikutoka. Majibu yangu huja siku ya pili, mara nyingine wiki ya pili, na nikiyaandika huandika polepole, neno moja nikiliangalia kabla ya kuita lingine. Basi hili ndilo jibu langu kwa yule kijana.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la nane na shule ikaishia hapo. Nilipelekwa Athi River kwa shangazi yangu Nduku, ambaye sote tulimwita aunti, nimsaidie kupika. Aunti alikuwa na vyumba viwili katika ploti ya mabati, na mbele ya mlango alifunga turubai, akaweka meza na mabenchi, na hapo wafanyakazi wa viwandani walikuja kula mchana. Chakula chake kilijulikana kwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe hadi yakalainika kabisa. Asubuhi chumba chote kilinukia moshi na vitunguu. Nyuma ya pazia la maua kulikuwa na kitanda cha Kyalo, mtoto wa aunti, aliyekuwa ameangukiwa na jiwe kwenye machimbo ya Lukenya. Mguu wake ulikuwa ndani ya plasta kuanzia nyonga hadi kwenye vidole, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko plasta. Alilalamikia uji, alilalamikia nzi, alilalamikia wateja kwa kucheka sana. "Wanacheka nini? Kwani muthokoi ina utani?" Wateja walimsikia kupitia pazia wakazidi kucheka.

Kile kidude kilitoka kwenye mitumba. Mama mmoja aliyeuza majaketi ya watoto sokoni, rafiki ya aunti, alikikuta ndani ya mfuko wa jaketi alipofungua furushi. Alifikiri ni chombo cha kupima sukari ya damu. Alipobonyeza kikalia kama kifaranga, akamletea Kyalo akisema, "Shika, ulilie nacho." Ndani yake kulikuwa na gemu moja tu, ile ya watu wanne, na yote ilikuwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa skrini haikuwa na taa, tulicheza mchana tu, baada ya vyombo kuoshwa. Kyalo alijikokota hadi mlangoni akanyoosha mguu wake juu ya kigoda, na mimi nikakaa upande ambao jua lilitoka begani kwangu. Betri zikichoka tuliziweka juu ya mabati zipate joto, zikarudi na uhai kidogo. Kyalo alishika vitufe. Kazi yangu ilikuwa kusoma.

Hapo ndipo yule kijana wa Kinanie hanielewi. Katika gemu za aina ile maneno huja ndani ya kisanduku chini ya skrini, mistari miwili au mitatu, halafu yanasimama. Kamshale kanapepesa pembeni. Mfalme anangoja, adui anangoja, moto unaowaka kwenye kijiji unangoja. Hakuna kinachosonga mpaka wewe uwe tayari. Shuleni sikuwahi kungojwa. Mwalimu aliponiita nisome niliona neno na nililijua, lakini kabla halijafika mdomoni alikuwa ameshamwita mwingine, na mimi nikakaa chini nalo. Darasa la nane nilitoka nikiamini kwamba kusoma ni mbio na mimi si mkimbiaji. Pale mlangoni kwa aunti nilisoma kisanduku kimoja, nikakitafutia maneno ya Kikamba, nikamwambia Kyalo, na wakati huo wote yule mfalme mwenye taji alikuwa amesimama kwa adabu. Watu husema gemu huharibu akili ya mtoto. Siwezi kusema juu ya nyingine. Ile moja ilinirudishia sauti ya kusoma, na sijaona kitabu cha shule kilichonifanyia hivyo.

Haikukosa makosa yake. Watu wa vijijini humo walisema sentensi moja tu maisha yao yote. Kutoka mji hadi mji ilibidi kuzunguka msituni ukipigana na popo wale wale ili watu wako wapate nguvu, kazi ya kuchosha kama kuchota maji kwa kikombe. Aunti alikuwa na lake pia. Alipita na karai la vyombo, akachungulia, akaona watu wetu wanaingia nyumba ya mtu, wanafungua mitungi na kutoka na dawa. "Hao wamepiga hodi?" "Hapana, mami." "Na mwenye nyumba?" "Si huyo hapo, amesimama." "Anaibiwa akiangalia, na hasemi kitu?" "Anasema karibu kijijini." Aunti akatikisa kichwa. "Hiyo nchi haina wazee." Lakini kitu kimoja alikipenda: hoteli. Humo ukilala usiku mmoja hotelini, jeraha lolote linapona asubuhi. Aunti aliuangalia mguu wa Kyalo akasema wangejenga hoteli moja kama hiyo hapa Athi River.

Tulipoanza, gemu ilitaka majina ya wale watu wanne, yasiyozidi herufi tano. Mwenye upanga akawa KYALO. Mwanamke mwenye ngumi nzito akawa NDUKU, na mwenye jina hakupinga. Mwizi, Kyalo alimwita KARAO, yaani polisi, kwa sababu zake mwenyewe na askari wa mjini. Wa nne alikuwa mwanamke mwenye kanzu nyeupe, kazi yake kutibu wenzake, naye akawa WAYUA, jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemletea Kyalo vidonge vyake. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Lakini kwetu jina huwa na mwenyewe wa kwanza. Mimi ni Wayua kwa sababu mamake baba, susu wetu wa Muthetheni, ni Wayua, na aunti ni binti yake. Ndiyo maana aunti hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mwaitu, yaani mama. Alinituma mkaa akiniita mama yake, na aliponigombeza aligombeza kwa nusu, kwa sababu nani anamgombeza mama yake hadi mwisho?

Siku moja msituni popo walituzidi nguvu, na Kyalo akapiga kelele, "Wayua amekufa!" Aunti aliingia na mwiko ukidondosha mchuzi. "Nani amekufa?" "Wayua, mami. Wa kwa gemu. Amepigwa na popo." "Wewe Kyalo. Hilo jina liko na mwenyewe Muthetheni." "Lakini ni huyu hapa tuliandika." "Na huyu alilitoa wapi?" Kyalo akamwonyesha skrini. "Mwamshe," aunti akasema. "Haiwezi hapa, mpaka tufike kanisa ya kijiji, padre amwombee." "Basi si mwende kanisani! Mnangoja nini?" Mteja mmoja nje akauliza kama mazishi yatakuwa na chakula. Aunti hakucheka. Alikuwa ameokoka, na alisema mbele ya watu wote kwamba haamini ndege wa mkosi wala ndoto. Lakini alisimama nyuma yetu na mwiko wake mpaka tulipofika kanisani na Wayua akasimama tena. Tangu hapo dawa nzuri zote zilikuwa za Wayua, Kyalo wa ndani ya gemu akatembea na majeraha yake, na kila jioni aunti aliuliza, "Mama yangu yuko aje?" "Amelala hoteli," tulimjibu, naye akaenda kufunga jiko.

Kisha habari za Muthetheni zikawa mbaya. Susu alikuwa na uvimbe shingoni wa miaka mingi, mkubwa kama embe, na alikuwa ameuzoea hata akaufungia leso za rangi. Sasa ulianza kumbana pumzi. Baba alikuja kuzungumza na aunti, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachambua maharagwe. "Watapasua huko Machakos, hospitali," baba akasema. "Wanasema mshipa wa sauti uko hapo hapo karibu. Anaweza kuamka, na anaweza kuamka bila sauti." Aunti akauliza, "Na hiyo nyingine, ya kutoamka?" "Kwa umri wake, hiyo nyingine pia inaweza." Nilisikia aunti akivuta kigoda na kukaa.

Siku hizo hizo, ndani ya gemu, tulikuwa tumefika kwenye hekalu, na mzee mmoja wa humo akatupa visanduku vingi vya maneno. Kyalo alikuwa na tabia ya kuruka maneno ya wazee. Nilimshika mkono nikamwambia aache nisome. Nilisoma mara moja, nikasoma tena, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kizamani. Kilisema kwamba mbele yetu kuna daraja juu ya shimo lisilo na mwisho, na halisimami mpaka mtu mmoja abaki kulishikilia kwa maombi, na huyo atakayebaki ni yule mwenye mikono ya kutibu, na hatarudi. Kyalo akanyoosha kidole abonyeze. "Hapana," nikasema. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwambia mtu mkubwa neno hilo. "Hapana nini?" "Wayua anabaki darajani. Anakufa." "Tutampeleka kanisa." "Huyu hafi kwa kupigwa. Imeandikwa. Harudi." Kyalo alikiangalia kile kidude. "Tuanze upya na jina lingine?" Lakini gemu ilihifadhi safari moja tu. Kuanza upya ilikuwa kufuta watu wote wanne. "Sasa kumfuta si ndio kumuua kabisa?" akasema, akijiuliza mwenyewe.

Akasema yeye haamini hivyo vitu, ni plastiki na betri. Akasema na mimi nimekaa sana na mamake. Kisha akawarudisha watu wetu kijijini, akawalaza hotelini, akahifadhi, akatoa betri kwa mkono wake na kuniambia niviweke vyote juu ya kabati, kidude upande huu na betri upande ule. Jioni aunti akauliza, "Mama yangu yuko aje?" "Amelala hoteli." "Mbona siku hizi analala sana?" Mimi niliinamia sufuria. Kyalo akasema, "Anapumzika, mami. Safari iliyobaki ni ndefu." Nimefikiria sana siku zile. Sikuamini kwamba kubonyeza kunaweza kumuua susu. Lakini sikuweza pia kuwa mtu aliyebonyeza, halafu habari ije. Nadhani aunti, na wokovu wake wote, angesema hivyo hivyo.

Aunti alienda Machakos, na turubai likabaki limekunjwa. Wateja walikuja, wakasoma nyuso zetu, wakaondoka bila utani. Kyalo hakulalamikia kitu, na hilo liliniogopesha kuliko yote. Aunti aliporudi tulimwona kutoka mbali akija kando ya ukuta wa ploti, na hatukuweza kujua kutokana na mwendo wake, kwa sababu viatu vya kanisa vilikuwa vimemuumiza. Alikaa kwenye benchi la wateja, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili. "Ameamka," akasema. "Amekunywa uji, akamaliza, akaonyesha kikombe aongezwe." Kyalo alifunika uso kwa blanketi. Mimi niliwasha jiko, ingawa hapakuwa na kitu cha kupika.

Lakini sauti haikuamka naye. Daktari alisema inaweza kurudi, na inaweza isirudi, wangoje. Susu akaletwa kwetu Athi River, aunti amtunze. Kama hukumjua susu, huwezi kuelewa kimya kile. Huyu ndiye mwanamke aliyeuza mbaazi soko la Muthetheni bila mzani, kwa maneno tu, aliyewasalimia watu walio ng'ambo ya mto. Sasa alikaa mlangoni na leso shingoni, akigonga kikombe kwa kijiko akitaka kitu. Mimi na yeye tulielewana vizuri. Tuliweza kukaa mchana mzima tukichambua maharagwe bila kukosa chochote. Aunti ndiye aliyeshindwa. Aliongea kwa watu wawili, akauliza na kujibu. Nilimsikia akimwambia yule rafiki yake wa mitumba huko jikoni, "Maisha yangu yote nimemwomba anyamaze kidogo. Sasa sijui kukaa na yeye hivi. Ni kama nyumba imetolewa mlango."

Susu ndiye aliyekiona kidude juu ya kabati. Alikionyesha kwa kidole, na Kyalo, ambaye sasa alitembea kwa magongo, akajifanya hajaona. Susu akagonga kikombe. Nikakiteremsha. Nikamweleza kwa Kikamba, polepole, na yeye hakuwa na haraka: kwamba ndani yake kuna watu wanne, na mmoja ana jina lake, na ndiye anayewatibu wengine. Hilo lilimpendeza, akajipiga kifua. Kisha ikanibidi nimweleze daraja. Aunti alikuwa amesimama pale na chumvi mkononi, na hapo ndipo alipojua kwa nini mama yake alikuwa amelala hotelini muda wote ule. Hakutugombeza. Alisema tu, "Basi iacheni huko huko." Susu alifikiri. Akajionyesha kifuani, akaonyesha kidude, kisha akatembeza vidole viwili juu ya paja lake kutoka upande huu hadi upande ule. Nivusheni. "Mama, hapana," aunti akasema. "Ngoja kwanza upone." Susu akapiga kigoda kwa kiganja, na sote tukajua mazungumzo yamekwisha.

Betri zilikuwa dhaifu, na chakula cha mchana kilikuwa jikoni. Wateja walishafika. Kyalo alibonyeza, mimi nikasoma kwa Kiingereza na kumgeuzia susu kwa Kikamba, na kwa kuwa alikuwa amezoea kelele ya soko alinionyesha kwa mkono niongeze sauti, nikaongeza, mpaka wateja wenyewe wakanyamaza kusikiliza. Tulifika darajani. Mwanamke mwenye kanzu nyeupe akasimama mwanzo wa daraja akainua fimbo yake. "Nendeni," nikasoma. "Mimi sijachoka." Wale watatu wakavuka. Skrini ikawa nyeupe yote, kisha upande huu wa shimo pakawa hapana mtu. Kyalo alivuta kamasi. Aunti aligeuza uso. Ndipo nikasikia sauti kama mlango mzito unaokwaruza sakafu, nikafikiri susu amepaliwa, nikamshika mgongo. Alikuwa anacheka. Ilikwaruza, ikakatika, ikarudi, na ndani yake yakatoka maneno. "Asi! Mjinga huyu."

"Nani, mama?" aunti akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto. "Nani mjinga?"

"Aliyetengeneza hiki kitu. Unamwacha daktari darajani, halafu unaenda vitani na mwizi?" Na hakunyamaza tena. Alisema kama ni yeye angewauliza wale watatu ni nani kati yao anajua kufunga jeraha. Alisema kijana mwenye upanga hakimbii daraja namna ile akamwacha mwanamke nyuma. Sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, na haikuwahi kuwa ile ya zamani ya kuvuka mto, lakini ilikuwa na maneno yote ndani yake. Na alisema kweli. Tulicheza miezi mingine bila Wayua na hatukufika popote. Kila vita ilitumaliza, mpaka plasta ilipotolewa na Kyalo akarudi kazini, na kidude kikaishia mikononi mwa mtoto wa jirani.

Siku ile aunti hakurudi jikoni upesi. Alisimama mlangoni na ngumi yake ya chumvi, akimsikiliza mama yake, mpaka harufu ya kuungua ikatufikia sote. Niliwapakulia wateja muthokoi iliyoungua. Mmoja wao, fundi wa kuchomelea, mtu mkubwa, akasukuma sahani akasema, "Mama Kyalo, leo umetupikia makaa?" Kabla aunti hajafungua mdomo, susu alimjibu kutoka kwenye kigoda chake, akamuuliza kama nyumbani kwake wanampikia lulu, akamuuliza na jina la mke wake ili amhurumie kwa jina. Mabenchi yote yakalipuka kwa kicheko. Aunti alienda jikoni akafuta macho kwa kanga, akachota kutoka juu ya sufuria pale ambapo hapajaungua, akamwekea yule fundi sahani ya pili iliyojaa, na nyama ambayo hakuiagiza. Fundi akatazama sahani, akamtazama aunti, hajui amefanya nini. "Kula," aunti akamwambia. "Na ukimaliza, lalamika tena."